Tukinyamaza, Laleni Usingizi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza daftari. Hayo mawili hayahusiani. Mama ndiye aliyenishauri wiki iliyopita, baada ya kunisikiliza nikimsema kila mtu wa kazini mpaka salio likaisha. "Mwanangu, mdomo wako utakuponza," alisema. "Andika. Daftari halina masikio wala halichongei." Haya, Mama, naandika.

Kazini tumefungua duru mpya. Sisi kazi yetu tunaifanya kwa duru, wiki mbili wiki mbili. Tunachagua vijikazi vidogo, tunavimaliza, Ijumaa ya mwisho tunavionyesha, kisha tunaanza tena. Kila kijikazi kina kadi yake ubaoni, na kadi inahama kutoka "Bado" kwenda "Mikononi" kwenda "Tayari". Juu ya ubao Mkuu wetu ameandika kwa kalamu nene: Haba na haba hujaza kibaba. Kila asubuhi tunasimama hapo watu wanne, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Tunasimama ili maneno yasirefuke. Mkuu husimama kwa kuegemea friji, kwa hiyo yake hurefuka.

Mtunza ubao ni mtu ninayemwita Bwana Kadi. Mtu wa kukumbusha. Ukinywa maji atakukumbusha kumeza. Leo amebandika kadi ya njano iliyoandikwa: "Kumchomoa Pacha ukutani."

Nieleze, maana daftari nalo ni mgeni. Mtoto ni setilaiti yetu, ndogo kama mkate wa dukani, na hupita juu ya paa letu mara chache kwa siku, dakika chache kila mara. Kazi yake ni kusikiliza vipima-maji tulivyofunga mtoni, huko juu milimani ambako simu hazishiki. Vipima-maji vinatunza habari mpaka Mtoto apite azichukue atuletee. Mto ukionekana unapanda, mitambo yetu inatuma onyo kwenye simu za watu wote wa bondeni, yenyewe, haingoji mtu. Pacha ni ndugu yake Mtoto aliyebaki mezani kwetu, sawa naye kwa kila kitu. Programu mpya tunamjaribia Pacha kwanza, ndipo tunampandishia Mtoto. Tofauti yao ni moja: Pacha anakula umeme wa ukutani. Mtoto anakula jua, na akiingia kwenye kivuli cha dunia anaishi kwa betri.

"Tumpe Pacha betri na taa, tuone kama ataishi kama mwenzake," Bwana Kadi amesema.

"Hizo ni siku mbili tatu bila Pacha," amejibu Chapuchapu, binti anayetuandikia programu. "Mimi nitajaribia wapi, kwenye friji?"

Tumecheka. Tumepiga kura kwa mikono na kadi ya njano imesogezwa duru ijayo. Wangu ulikuwa wa kwanza kupanda.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Viatu havijakauka tangu juzi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia Mama. Anakaa kwenye kona ya mto, bondeni, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa, na ukimwambia ahame anakuuliza kama umemchoka. Kabla hatujamaliza salamu jirani yake mpiga pasi amemnyang'anya simu. Mzee huyu aliniposa nikiwa na umri wa miaka minne, kwa peremende, na tangu hapo mimi ni mchumba wake, na mkewe ni mke mwenzangu.

"Mchumba, hilo dude lako bado linazunguka? Halijapata kizunguzungu?"

"Linazunguka, mume wangu. Linakusalimu."

"Liambie lisinisalimu. Likinisalimu nitakimbia na pasi ya moto mkononi."

Mwaka jana Mkuu alipokwenda bondeni kuwaeleza watu kazi yetu, alisimama kwenye uwanja wa shule akawaambia: "Tukiona hatari, simu zenu zitalia. Tukinyamaza, laleni usingizi." Yule mzee alilipenda neno hilo. Sasa hanipi kwaheri nyingine. "Haya mchumba," anasema, "nyamaza nilale." Na anakata simu ya Mama bila kuuliza kama mwenyewe amemaliza.

Jumanne, 12 Machi

Bwana Kadi ameniuliza mara tatu kama nimemaliza kadi yangu. Nimemaliza subira.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya maonyesho. Watu wa idara ya mito walitaka habari za mto zije mara nyingi zaidi, na Chapuchapu amewapa. Zamani Mtoto alikuwa anafungua masikio kidogo akipita milimani, kisha anayafunga. Sasa anayafungua mapema na kuyafunga kwa kuchelewa. Pacha amelifanya hilo mezani bila hata kukohoa. Mchana Mtoto alipotupitia nimempandishia toleo jipya, na kabla hajazama upande wa pili ameitikia.

Yule binti ana mikono. Wengine tunaandika mstari mmoja na kuutazama kama ng'ombe anayeangalia treni, yeye ameshafika ukurasa wa pili. Anapiga chapuchapu, anakosea, anafuta, anacheka. Nimembeba moyoni kama mdogo wangu kabisa. Bwana Kadi alikuwepo pia, anaandika.

Jumatatu, 18 Machi

Duru mpya, na kadi ya njano imerudi. Bwana Kadi ameishika mkononi kama mtu aliyeshika cheti cha ndoa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," amesema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Chapuchapu amemrudishia papo hapo. Watu wa mito wanasubiri toleo lingine.

Nami nikasema, "Bwana Kadi, hiyo kadi si uioe tu, maana mmeshazoeana."

Mkuu amecheka mpaka friji ikatikisika. Bwana Kadi hakucheka. Ameibandika pembeni, kwenye "Bado", akailainisha kona kwa kidole gumba. Jioni nimejisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua haikatiki. Paa la kazini linavuja juu ya meza ya Mkuu peke yake. Mungu ana macho.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimejivunia kazi yangu, na si kawaida yangu kujivunia kitu.

Asubuhi Mtoto ametuletea habari kwamba maji yamepanda milimani. Hatujagusa kitu. Mitambo imetuma onyo yenyewe, simu za bondeni zote zimelia, na watu wamepanda shuleni na magodoro yao kichwani. Jioni mto umefurika hatua chache tu, umelowesha vibaraza, umerudi. Mama amenipigia akiwa kwenye darasa la pili, amekaa kwenye dawati la watoto.

"Chombo chako kimesema," ameniambia, "na kweli kimesema kweli." Nimesikia anavyowaambia wengine pembeni, "Huyo ni mwanangu," kama vile mimi ndiye niliyekuwa angani.

Mpiga pasi alipita nyumba hadi nyumba akiwasomea ujumbe wasio na simu. Anasema alipiga kelele mpaka sauti ikakauka na sasa yeye ndiye anayenidai mahari.

Ijumaa, 29 Machi

Toleo la tatu. Baada ya mambo ya Jumanne kila mtu anataka zaidi, na Mtoto sasa hafungi masikio kabisa. Asubuhi mbele ya ubao nimesema kwamba betri yake inaamka imechoka kuliko zamani.

"Imeshuka chini ya mstari wa hatari?" Mkuu ameuliza.

Haijashuka.

"Basi tuendelee."

Bwana Kadi ameitazama kadi yake ya njano, akanitazama mimi. Nimeangalia viatu. Mchana nimempandishia Mtoto toleo lenyewe na ameitikia vizuri.

Jumatatu, 1 Aprili

Mtoto hajaitikia.

Nimemwita alipopita mara ya kwanza, kimya. Nikamwambia Chapuchapu. "Dada, leo tarehe moja," amesema, "usinitanie." Nikamwonyesha skrini. Mara ya pili tumemwita wote tumesimama. Antena imemfuata mbingu nzima kutoka ukingo hadi ukingo, na kilichotoka kwenye spika ni ule mchakacho tu wa mahali pasipo na mtu. Mara ya tatu vivyo hivyo.

Mkuu amesema labda ni antena yetu. Tumeikagua. Si antena yetu.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Bwana Kadi hakungoja kikao. Nimefika kazini nimemkuta ameshamchomoa Pacha ukutani. Amemfunga betri na paneli, ameweka taa kubwa juu yake iwe jua, na ubao wa sanduku uwe kivuli cha dunia. Amemwekea toleo lile lile la Ijumaa. Tumezunguka meza watu wote wanne.

Chini ya taa Pacha alikuwa mzima. Bwana Kadi ameteleza ubao, kivuli kimeingia. Tumengoja. Vijitaa vyake vikaanza kufifia, kimoja kimoja, kisha vyote vikazima kivuli hakijafika hata nusu. Ubao ulipoondolewa akaamka, akafungua masikio yote, akala ule umeme kidogo alioupata, akazimia tena huku taa ikimmulika.

Kila toleo lilichukua kidogo, na kila kidogo kilikuwa hakijavuka mstari. Hatukuwahi kujumlisha, maana kila duru ilikuwa na hesabu yake. Ule msemo wa haba na haba uko pale pale juu ya ubao, na mimi leo sikuweza kuuangalia.

Chapuchapu amekaa sakafuni, mgongo kwenye friji. "Ni mimi," amesema. Nilitaka kumwambia si wewe peke yako, mikono ilinyooshwa mingi. Sikusema, kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na kusema kweli bado ninayo. Bwana Kadi ndiye aliyempelekea glasi ya maji, na hakumkumbusha kumeza.

Jumatano, 3 Aprili

Nimesimama kwenye kikao nikasema lililonikwamisha: watu wa bondeni hawajui. Simu zao zimenyamaza, na sisi tuliwaambia tukinyamaza walale.

Mkuu ameacha kuegemea friji. Kazi hii aliianza peke yake kwenye stoo ya viti, na setilaiti ile aliibeba mapajani siku inapelekwa kurushwa. Mtu wa namna hiyo hasikii vizuri ukimwambia mtoto wake amezimia.

"Tukiwaambia hatuoni, watahama," amesema. "Mto usipopanda watarudi, na siku tukiwaambia tunaona, hawatahama. Nipeni mpaka Jumatatu. Tutamrudisha."

"Na mto ukipanda Jumamosi?"

"Asiyesikia la mkuu," amesema, akajaribu kucheka, akashindwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nimesema Jumatatu."

Nimemchukia leo. Naandika hivyo hivyo, nimemchukia.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimetoka nje kwenye ngazi za dharura nikampigia Mama. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipaze sauti.

"Mama, toka hapo nyumbani. Nenda kwa shangazi."

"Chombo chako kimesema?"

"Hakijasema. Kimezimika."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na sisi huku tunalala." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu. Wamenikataza."

"Mbona mimi tu?"

"Kwa sababu wewe ni mama yangu."

"Na mpiga pasi je? Aliyekubeba mabegani ukiumwa, yeye si mtu?" Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikifunga mizigo, jirani ataniuliza naenda wapi. Unataka nimwambie naenda kumsalimia wifi yangu? Mimi sitoki hapa peke yangu kama mwizi. Waambie wote, nitatoka nao."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Utakuja kukaa na mimi," amesema. "Nyumba ipo. Kama bado ipo."

Amekata. Nimelia chooni, bomba nimelifungua ili nisisikike. Hasira yangu haikuwa kwa Mkuu tena. Nilikuwa nimejiona jasiri kwa kumwambia mtu mmoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Ujumbe wa kuandikwa kwa mkono hautoki bila funguo mbili, za watu wawili. Mimi ninao mmoja. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kumlainisha Bwana Kadi, tena nimeianza kwa kumwomba radhi ya ile kadi aliyoambiwa aioe. Hakunisubiri nimalize. Amechukua kadi mpya, ameandika "Kuwaambia watu hatuoni", ameibandika moja kwa moja kwenye "Mikononi".

"Kura?" nimemuuliza.

"Hii haina kura," amesema. Akatoa ufunguo shingoni.

Tumeandika hivi: "Setilaiti yetu imezimika tangu Jumatatu. Hatuoni mto. Kimya chetu si usalama. Watu wa bondeni, pandeni shuleni, mkae huko mpaka tuwaambie tena." Mimi nikageuza wangu, yeye akageuza wake.

Mkuu naye yumo kwenye orodha ya simu. Ameingia na simu mkononi, koti limelowa, ameusoma ujumbe tena mbele yetu kana kwamba huenda ukabadilika. Hakupiga kelele. Amekwenda ubaoni, ameisogeza kadi yetu mpaka "Tayari".

"Sasa ombeni mvua inyeshe," ametuambia. "Isiponyesha, mmewamaliza."

Mama amepanda shuleni saa ile ile. Ameniandikia neno moja: "Tumetoka."

Jumapili, 7 Aprili

Jua. Tangu jana asubuhi jua kali, mbingu imeoshwa, haina hata wingu la kuombea. Mkuu alisema kweli na inaniuma.

Mtoto bado kimya. Chapuchapu hajaenda kwao tangu Ijumaa, analala kwenye kochi la mapokezi. Anasema Mtoto hajafa, anazimia na kuzinduka kama Pacha alivyofanya: akitoka kivulini anaamka, anakula alichokipata, anazimia kabla hajafika kwetu. Anatafuta namna ya kuifupisha amri ya "rudi toleo la zamani" iwe fupi sana, aisikie katika ule muda mdogo ambao macho yake yako wazi. Amri ambayo kwa kawaida ni ndefu kama wosia, yeye ameshaikata mara nne na anaendelea kuikata.

Mpiga pasi amenipigia kwa simu ya Mama. Nyuma nasikia watoto, masufuria, watu mia moja wamechoka kuwa pamoja.

"Mchumba, jua linawaka huku. Watu wanasema dude lako limetuonea."

"Kaa huko, mume wangu."

"Nina nguo za watu kule. Suti ya mtu ya harusi iko kwenye kamba. Nguo ya mtu ni amana, haiwezi kulowa mikononi mwangu. Wewe unaona nini?"

"Hatuoni. Ndiyo maana nakwambia kaa."

"Hamuoni," amesema. "Basi mimi naona jua."

Nilimwita jina lake, ambalo sijawahi kumwita maishani. Akacheka, akasema leo mchumba amekasirika kweli. Kwa mara ya kwanza hakuniambia ninyamaze alale.

Jumanne, 9 Aprili

Jua hapa. Redio inasema huko milimani kumenyesha tangu alfajiri. Nimempigia Mama, simu haishiki.

Jumatano, 10 Aprili

Maji yalikuja jana jioni.

Mama ameniambia yote asubuhi hii, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Toka Jumapili wanaume walikuwa wanateremka mchana na kurudi kulala shuleni. Jana wengi waliona rangi ya maji imebadilika wakarudi mapema. Mpiga pasi alikuwa amepanda mara mbili na marundo ya nguo, amezipanga kwenye madawati kwa majina ya wenyewe. Akateremka mara ya tatu kuchukua ile suti na pasi yake. Mama alimwambia pasi iache, ni chuma, haiozi. Akamjibu kwamba mke wa kwanza haachwi.

Maji hayakuja na kelele, Mama anasema. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa uwanja wakitazama, na kona ya mto haikuwepo tena, palikuwa na maji tu kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba yetu imebaki kuta mbili. Shuleni hakuna aliyepungua isipokuwa yeye. Wamempata leo asubuhi kwenye ua wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Suti ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mdomo umefungwa, na haikuwa imelowa.

"Mama, wewe uko salama?" nilimuuliza, kana kwamba sikuwa naisikia sauti yake.

"Mimi nipo. Sote tuliobaki tupo kwa sababu mlisema." Halafu akasema, "Mngesema Jumatatu, zile siku za mvua, asingeona jua la kumdanganya. Angekuwa ameshahamisha vitu vyake vyote."

Hajanilaumu. Amehesabu tu, na hesabu yake ni sahihi.

Alhamisi, 11 Aprili

Kikao cha asubuhi. Mkuu amesimama bila kuegemea kitu. Amesema kesho anakwenda mazishini.

"Watakupiga," Bwana Kadi amemwambia.

"Mimi ndiye niliyewaambia walale. Wakinipiga wanajua wanampiga nani." Akanigeukia. "Wewe ungetaka kwenda, najua. Lakini ukiondoka, Mtoto akiamka atamkuta nani?"

Nimetaka kumchukia tena na sikuweza. Ana mvi ambazo sikuziona mwezi uliopita. Bwana Kadi amempa mwavuli wake mwenyewe, na amemkumbusha asiusahau huko.

Ijumaa, 12 Aprili

Amri ya Chapuchapu sasa imekuwa fupi kama kupiga chafya. Tumeituma kila Mtoto anapopita, bila kujibiwa, tumezoea kutokujibiwa. Leo asubuhi nimeituma nikiwa natazama dirishani. Spika ikachakacha. Kisha ule mchakacho ukapata umbo, na kwenye skrini mstari mmoja ukaandikika: nipo, toleo la zamani, betri inajaa.

Chapuchapu amepiga yowe. Nimemkumbatia, hasira yote niliyokuwa nimemwekea imeniishia begani kwake, nimemwambia mdogo wangu, mdogo wangu. Bwana Kadi amekaa chini pale pale mbele ya ubao ambapo hatukai.

Na Mtoto akaanza kutoa alichokichukua milimani. Vipima-maji vilikuwa vimetunza kila kitu, vikimngoja. Habari za siku zote zile zikateremka kwa mpangilio, kuanzia ya zamani zaidi. Nikaiona Jumanne ikipita. Mchana jua likiwa linawaka bondeni, milimani mto ulikuwa umeshaanza kupanda, na namba zikazidi kukua mstari baada ya mstari. Mpiga pasi angekuwa na alasiri nzima. Angebeba suti, pasi, na meza yake ya kupigia pasi.

Nilikuwa bado naisoma Jumanne hiyo wakati skrini ya pembeni ilipowaka kijani. Onyo limetumwa. Simu zote.

Bwana Kadi ameliona nami nimeliona. Mitambo imeona mto unapanda, ikafanya tulichoifundisha. Haikuuliza ni Jumanne ipi. Tumeandika kadi za kila kitu humu ndani, na hakuna aliyewahi kuandika kadi ya habari iliyochelewa. Nimefika kwenye swichi ya kuzuia onyo nikakuta hakuna tena cha kuzuia.

Simu yangu ikalia. Mama hakunisalimu.

"Chombo chako kimesema."

"Mama."

"Tulikuwa tunamteremsha. Simu zote zimelia kwa pamoja, hata ya marehemu, mkewe alikuwa ameishika mkononi. Watu wamekimbilia juu. Kamba wameziachia." Alikuwa anahema. "Tumebaki watatu kaburini, mimi, mke mwenzako, na huyo Mkuu wako. Ameshika upande wake hajauachia, ameinama mpaka magoti yako kwenye tope. Jeneza limekaa upande. Niambie, mwanangu. Tukimbie au tumzike?"

Nimetazama skrini. Habari zilikuwa zimeshafika za leo, za saa hii. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi huu uanze kuuona mto.

"Mzikeni, Mama. Hakuna maji."

"Una hakika?"

"Nauona. Unashuka."

Nikasikia anawaambia wenzake, nikasikia sauti ya Mkuu ikisema shika hapa, taratibu, upande wako kwanza. Mama akairudisha simu sikioni.

"Basi nyamaza sasa," ameniambia. "Tumlaze."